Presha, Ujazo na Kizibo cha Mzee Projesti

Ijumaa iliyopita mliniaga kwa kustaafu, mkanikabidhi saa ya ukutani, mkakata keki, mkanipiga picha nimesimama kando ya benchi la kupimia pampu kama mtu anayeliuza. Kisha mkaniomba niwaandikie machache kuhusu safari yangu ya kazi. Safari yangu ilikuwa kutoka nyumbani Kibeta hadi karakana, kwa miguu, kila siku isipokuwa Jumapili, na baadaye kutoka Kahororo nilikojenga. Hayo yanatosha kuhusu safari. Vyeo sikupata vingi, na mshahara mnaujua kwa sababu ni ule ule mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika kuhusu pampu, na kuhusu kosa moja nililolifanya kwa lori la Kimwani, ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Siku ya kwanza nilifika karakana na cheti cha ufundi. Barua yangu ya maombi nilikuwa nimeisaini kwa herufi ya kwanza tu ya jina, K, badala ya Kokushubira, ili wasijue mapema kwamba ni mwanamke. Ujanja huo alinifundisha baba, ambaye alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri na mtu mkweli katika mambo mengine yote. Mkuu wa chumba cha pampu alikuwa Fundi Athumani. Babu yake alitoka Tanga akaja Bukoba kufanya biashara ya ngozi, akaoa, akabaki. Fundi Athumani alizungumza Kiswahili laini kilichotufanya sisi Wahaya, tuliokipata darasani, tujisikie tuko kwenye mtihani. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Nimeomba kijana, wameniletea binti," alisema. "Haya. Vidole unavyo?"

Nikamwonyesha vyote kumi.

"Vinatosha. Kanawe."

Nilinawa kwa sabuni, nikarudi. Akanusa mikono yangu, akanirudisha. Mara ya tatu akaniambia ninawe tena kwa dizeli safi iliyochujwa, na nisifute kwa pamba, wala kwa gauni, wala kwa kitu chochote chenye nyuzi. Kisha akang'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaulaza kwenye meza nyeupe. Akasema nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili ndani ya pampu haifikii unene wa ule unywele, kwa hiyo mimi na uchafu wangu tusimkaribie mpaka amezoea sura yangu. Kwa miezi mitano nilikuwa nasafisha vipuri na kuvipanga kwenye sinia kwa mfuatano uliotumika kuvifungua. Nilimchukia kwa muda wa kama wiki sita, halafu nikaanza kuona tofauti kati ya kipuri kilichochakaa na kilichochoka kidogo tu, nikamsamehe.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na spana namba kumi na tatu aliyoipinda mwenyewe kwa moto ili ifike kwenye nati ya nyuma ya pampu, ile nati ambayo aliyeichora hakuwahi kuifungua. Alikuwa na geji ya mshale aliyoizungushia flana ya mtoto mchanga. Na alikuwa na jagi la plastiki, la jikoni kabisa, lenye mistari ya vipimo, ambalo mkewe aliwahi kulidai mara kadhaa bila mafanikio.

Sasa nieleze jambo lenyewe, kwa ajili ya wale mlioanza na injini za kompyuta. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo muda wa kunyunyiza ndio muda wa kuwasha. Mafuta yakichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea, moshi mweupe unatoka na gari halivuti. Yakiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda na kuisukuma irudi. Hapo ndipo unaposikia injini inagonga, kama mtu anayepiga sufuria tupu kwa kijiko.

Injini ikiongeza mwendo, mafuta lazima yawahi zaidi, maana muda wa kuungua unapungua. Kwenye pampu ya rotari kazi hiyo inafanywa na mafuta yenyewe. Ndani yake kuna kipampu kidogo cha mapanga kinachojaza presha kwenye nyumba ya pampu. Mwendo ukipanda, presha inapanda, inasukuma kipistoni kidogo dhidi ya springi, na kipistoni kinageuza pete ya taimingi, yaani ya muda wa kunyunyiza, iende mapema. Presha ikishuka, springi inashinda na taimingi inarudi nyuma. Maana yake ni kwamba pampu nzima kabisa, iliyofungwa sawasawa, itachelewesha mafuta ikiwa haiyapati ya kutosha. Filta imeziba, au mpira wa mafuta umejikunja ndani, na wewe unaona dalili za pampu mbovu wakati pampu haina ubaya wowote. Kinyume chake, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi likiziba, presha inazidi na taimingi inakimbia mbele.

Fundi Athumani alinikataza kuchanganya presha na ujazo. Geji inaweza kuonyesha presha nzuri injini ikiwa imetulia, kumbe mafuta yanayopita hayatoshi kupandia mlima. Ndiyo kazi ya lile jagi. Alichomoa mpira, akaweka jagi chini yake, akatazama saa ya mkononi.

"Geji itakwambia mafuta yanasukuma vipi, na jagi litakwambia ni mangapi," alisema. "Waulize wote wawili, maana mmoja wao ni mwongo."

Nikamwuliza mwongo ni yupi.

"Hubadilishana," alijibu.

Hayo yote niliyajua vizuri kufikia mwaka wangu wa tisa. Niliweza kuyasema nikiwa nimefumba macho. Fundi Athumani alikuwa ameanza kuacha kazi nyingi mikononi mwangu, na watu walikuwa wakileta pampu kutoka Karagwe na Biharamulo wakimwulizia "yule mama wa pampu". Nilikuwa na majivuno, niseme wazi. Nilikuwa nimefikia hatua ya kumsikiliza mteja kwa sikio moja huku mkono umeshafungua boneti.

Ndipo lilipokuja lori dogo la kikundi cha wakulima wa Kimwani. Lilibeba mpunga na mahindi yao kuleta Bukoba, na kurudi na mbolea na mabati. Dereva wake aliitwa Jasoni, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kuzungumza taratibu kama anayepima kila neno. Lori lilikuwa halivuti na lilikuwa linatoa moshi mweupe.

"Waitu, likitoka tu kujazwa mafuta pale Muleba linavuta vizuri kabisa," alinieleza, akianza kwa neno letu la heshima. "Ni baadaye, nikikaribia Kemondo hivi, ndipo linachoka."

Madereva wote wana hadithi. Nilimjibu kwamba mafuta ni mafuta, tangi likiwa limejaa au nusu, na nikamwomba akae kwenye benchi la wateja. Someni tena maneno yake. Ugonjwa wote ulikuwemo mle, pamoja na dawa yake, na mimi nilimwambia akae.

Nilishusha pampu, nikaifunga kwenye benchi la kupimia. Ilitoa mafuta sawasawa kwenye vioo vyote vinne, na pete ya taimingi ilisogea kama ilivyopaswa. Nilibadilisha filta, nikairudisha pampu, nikatoa upepo kwenye mabomba, lori likawaka na kunguruma vizuri uani. Tukatoka nalo mimi na Jasoni kwenda Kemondo. Wakati wa kurudi, kwenye mpando, likachoka. Moshi mweupe ukajaa kwenye kioo cha pembeni.

Nikamwambia asimame. Nilifungua boneti pale pale barabarani, nikalegeza nati tatu za pampu, nikaizungusha kuelekea mapema kwa kiasi kidogo, nikakaza. Moshi ukakatika. Lori likapanda ule mlima na gia ya tatu. Jasoni alicheka kwa furaha, na mimi nikafuta mikono nikiwa nimejaa sifa. Sikupima ujazo wala sikuunga geji. Sikuzunguka hata upande wa pili wa gari kutazama tangi.

Zilipita kama wiki nne, ikaja barua karakana kutoka kwa mwenyekiti wa kikundi, Mzee Projesti. Injini ya lori ilikuwa imekufa kwenye mpando, na pistoni moja ilikuwa imetoboka. Fundi wa huko alikuwa ameitazama akasema hayo ni mafuta ya taa: dereva anauza dizeli njiani na kujazia mafuta ya taa, ndiyo maana injini iligonga mpaka ikapasuka. Mwenyekiti aliomba mtaalamu wa pampu aje kuthibitisha kabla ya mkutano wa Jumamosi, ambapo Jasoni angefutwa kwenye kikundi na kupelekwa polisi. Mtaalamu wa pampu nilikuwa mimi. Nilipanda basi siku ya pili.

Mzee Projesti alinipokea kwa heshima. Alikuwa mzee mrefu, mkulima hodari, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Pistoni ilikuwa imewekwa mezani kwake juu ya gazeti, na tundu lake lilitosha kupitisha kidole gumba.

"Mama Fundi, sisi hatutaki kumwonea mtu," aliniambia. "Wewe sema tu kama ni mafuta ya taa, tuyamalize."

Jasoni alikuwa amesimama kando ya lori, kwenye uwanja wa shule ya msingi lilikovutwa. Watoto waliokuwa wakipita walimwita "Mafuta ya Taa", na niliona kwamba hakugeuka tena, alikuwa ameshazoea. Nilichota mafuta kwenye tangi, nikayanusa, nikayatia kwenye chombo na kuweka kipimo cha kioo kinachoelea. Kilielea panapotakiwa. Ilikuwa dizeli safi.

Nikainama kwenye pampu. Mnajua kuwa kuna mkwaruzo kwenye sikio la pampu na mwingine kwenye uso wa injini, na mikwaruzo hiyo ikitazamana, taimingi iko mahali pake. Ile ilikuwa imepishana kwa karibu milimita tatu. Nilijua ni nani aliyeipishanisha.

"Liligonga kwa muda gani kabla halijafa?" nilimwuliza Jasoni.

"Tangu siku ile ya kwako, likitoka kujazwa mafuta lilikuwa linagonga kidogo, kisha linatulia. Nikamwambia mwenyekiti, akasema madereva tunapenda kutafuta sababu. Halafu nikanunua mfuniko mpya wa tangi, kile kizibo kilikuwa kinaniaibisha pale kituo cha mafuta. Tangu niweke mfuniko likawa linagonga muda wote."

"Kizibo kipi?"

Akaingia kwenye kebini, akatoka nacho kutoka kwenye sanduku la spana. Mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea tangu msimu wa mpunga, na Mzee Projesti mwenyewe ndiye aliyetengeneza kizibo, kama anavyoziba vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jani la mgomba lilikuwa limebabuliwa motoni mpaka likalainika, likakunjwa mara nyingi juu ya kipande cha mti kilichochongwa vizuri, likafungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kwetu watu wanajua kuziba. Kibuyu kinabebwa kichwani kutoka kijiji hadi kijiji bila tone kudondoka, na mtu anayeziba vibaya hasahauliki. Nilikigeuza mkononi nikakiona ni kazi nzuri kuliko vizibo vyote nilivyowahi kuviona. Hakikupitisha mafuta na hakikupitisha hewa.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori. Mfuniko wa kiwandani una kitundu cha kupumulia, ili mafuta yanapotoka, hewa iingie kushika nafasi yake. Kizibo cha Mzee Projesti hakikuwa nacho. Kila kilomita, mafuta yalitoka na hewa haikuingia, tangi likawa linavuta mafuta yake kurudi ndani. Ujazo ukapungua, presha kwenye pampu ikashuka, taimingi ikachelewa, lori likachoka. Jasoni alipofungua kizibo kujaza mafuta Muleba, tangi lilipumua na lori likapona kwa muda, kama alivyoniambia. Mimi niliipima pampu kwenye benchi ambalo lina tangi lake linalopumua vizuri, kisha nikaizungusha barabarani ili ilingane na tangi lililokuwa limekabwa. Mfuniko mpya ulipowekwa, presha ilirudi yote, pete ikasogea mbele kama kawaida yake, ikajumlishwa na kule mbele nilikoisogeza pampu mimi. Kosa pekee la Jasoni lilikuwa kununua mfuniko mzuri.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitaleta jibu Jumamosi kwenye mkutano. Hakupenda, lakini alikubali. Jasoni sikumwambia kitu. Naona aibu kuandika hilo hata leo, maana alinisindikiza mpaka kituo cha basi na kunibebea mfuko wa vifaa, na bado niliondoka bila kusema.

Kwa siku mbili nilitunga maneno. Nilipata sentensi nzuri sana: "Dizeli ni safi, na pistoni imetoboka kwa uchakavu." Nusu yake ilikuwa kweli. Ingemwondolea Jasoni polisi, na isingenigusa mimi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kazi ile mkoa mzima kwa kadiri nilivyojua, na nilijua maneno ambayo yangesemwa, na nani angeyasema kwanza. Siku ya Alhamisi nilimwonyesha Fundi Athumani ile sentensi. Nilimweleza pia mambo yote, kuanzia mpando wa Kemondo mpaka kizibo.

Alikuwa anakunywa kahawa ya tangawizi. Hakuiweka chini.

"Wakikuuliza nani kaua injini, utajibuje?"

"Nitasema ni uchakavu."

"Fundi wao amekwisha waambia ni mafuta ya taa. Watakusikia wewe wasema uchakavu, yeye asema wizi. Watamwamini yupi?"

Nikasema sijui.

"Watagawana. Nusu watakuamini wewe, nusu yeye. Na yule dereva atakuwa nusu mwizi mpaka kufa kwake." Akanywa kidogo. "Mwanangu, wataka nifuatane nawe? Naweza kusema kosa ni la karakana."

"Spana niliishika mimi, Fundi."

"Basi nenda. Injini tutaitengeneza hapa, hilo niachie mimi."

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye darasa la shule. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Jasoni alikaa dirishani. Mama yake, mjane mfupi aliyejifunga kanga kichwani mpaka karibu na macho, hakuingia kabisa, alisimama nje ya mlango, na jirani mmoja alininong'oneza kwamba tangu maneno yaanze hajaenda sokoni. Mwenyekiti alinipa nafasi kwanza.

Niliomba dumu la maji lililojaa na ndoo tupu. Nilipiga msumari kuweka tundu dogo upande wa chini wa dumu, maji yakatoka vizuri kuingia kwenye ndoo. Kisha nikachukua kizibo cha Mzee Projesti, nikakikaza kwenye mdomo wa dumu. Kilikaa kana kwamba kilitengenezewa hapo. Maji yakapungua, yakawa yanadondoka, yakakoma, na dumu lilikuwa bado limejaa. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kumimina kitu kutoka kwenye dumu, kwa hiyo sikuhitaji maneno mengi. Nikachomoa kizibo, maji yakaruka.

"Hivi ndivyo tangi lilivyofanya," nilisema. "Lori lilikuwa linakosa mafuta ya kutosha huku tangi limejaa. Jasoni alinieleza hilo kwa usahihi, nami sikumsikiliza. Badala ya kutafuta sababu, niliisogeza pampu ili lori livute. Alipoweka mfuniko unaofaa, pampu ikawa inawahisha mafuta kupita kiasi, na ndiyo iliyotoboa pistoni. Mafuta nimeyapima, ni dizeli safi. Jasoni hakuiba kitu. Injini niliiua mimi."

Mtu mmoja wa nyuma alisema kitu kwa Kihaya kuhusu wanawake na spana. Sikumtafuta. Nilikuwa nimemsikia kichwani mwangu kwa siku nne, na sauti yake halisi ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

Mzee Projesti alikuwa amekazia macho dumu. Aliinuka, akaja mbele, akakichukua kizibo na kukigeuza mkononi kama nilivyofanya mimi.

"Kwa hiyo ni kizibo changu," alisema.

"Kizibo chako na spana yangu, Tata," nilimjibu, kama tunavyowaita baba zetu.

"Nilikibana sana."

"Ulikibana vizuri mno."

Watu wawili watatu walicheka, halafu wakacheka wengi. Mzee hakucheka. Aliwaambia wajumbe kwamba ajenda ya kumfuta Jasoni imeondoka, na kwamba asisikie tena mtu mzima wala mtoto akimwita lile jina. Kisha akasema twende kwake.

Nyumbani kwake tulikaa sebuleni, wajumbe, mimi, Jasoni karibu na mlango, na mama yake ambaye mke wa mwenyekiti alikwenda kumshika mkono na kumwingiza. Aliketi kwenye mkeka akiwa bado amejifunika. Kikaletwa kikapu kidogo chenye akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Mnajua utaratibu wake: kikapu huanzia kwa mgeni. Mgeni alikuwa mmoja tu mle ndani, aliyetoka Bukoba kwa basi la alfajiri, na nilikuwa nimeshakunjua kiganja.

Mzee Projesti alikichukua kikapu kwa mikono miwili. Akanipita.

"Mgeni atatusamehe," alisema, bila kunitazama.

Akaenda mpaka mlangoni, akainama na urefu wake wote, akakiweka kikapu mbele ya Jasoni, akasubiri. Jasoni akachukua punje mbili, akatia moja mdomoni, na nyingine akampa mama yake, ambaye alishusha kanga mpaka mabegani ili aipokee.

Kahawa ilinifikia mimi wa mwisho kabisa, baada ya wajumbe wote na mjukuu wa mwenyeji. Zilikuwa zimebaki punje tatu na vumbi. Nilizitafuna taratibu, na sikumbuki siku nyingine kazini niliyokuwa na furaha kama ile.